Ukurasa Mmoja Kabla Vitumbua Havijaisha

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kabla ya adhana, mimi huketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikiwa na daftari kubwa la kaunta magotini. Nyumba yetu ipo Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mbele yangu Shangazi huwa amekwisha kuwasha jiko la mkaa. Unga wa mchele aliousaga jana yake na kuuchanganya na tui, hamira na iliki huwa umeumuka usiku kucha ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa kanga ya zamani, naye huukoroga mara mbili au tatu kwa upawa kabla ya kumimina wa kwanza katika kikaango chenye vishimo saba. Yeye hupika vitumbua vya kuuza, mimi huandika riwaya. Taa ni moja, tunaitumia sote wawili.

Utaratibu huu una miaka sita sasa, na hausimami isipokuwa siku za Idi na siku za msiba. Watu wakijua kwamba ninaandika hadithi, swali lao la kwanza huwa ni wapi ninakozipata. Swali hilo nalielewa, lakini kwangu visa havijawahi kuwa haba, kwani baraza moja ya Ngamiani ina visa vya kutosha riwaya kumi. Kinachonishughulisha, na ambacho nataka kukieleza hapa kwa kirefu, ni kitu kidogo zaidi, nacho ni jinsi sentensi ya Kiswahili inavyobeba wakati: kipi kilitangulia, kipi kilifuata, kipi kilikuwa kikiendelea mtu alipoingia mlangoni. Hadithi nyingi ninazozisoma, zangu zikiwemo, hufia hapo, katika silabi moja iliyo kati ya nafsi na mzizi wa kitenzi, tena hufa kabla msomaji hajapata nafasi ya kumpenda mhusika yeyote.

Kwanza niseme kuhusu kiasi, kwa kuwa ndicho kinachowatisha wengi. Ninaandika ukurasa mmoja kwa siku. Ukurasa wa daftari langu, kwa mwandiko wangu, huingia maneno 250 hivi. Mara nyingine ukurasa wote hufutwa kesho yake, na nimezoea kuhesabu kwamba theluthi moja ya ninachokiandika itapotea. Hata hivyo, theluthi mbili zinazobaki kwa mwaka mzima zinafikia maneno 60,000 hivi, na hayo ni maneno ya riwaya kamili. Huwa namkumbuka mtu wa mkoa wetu huu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi katika idara ya forodha, na pamoja na hayo aliacha vitabu zaidi ya ishirini vya mashairi, tenzi, insha na hadithi. Kazi ile ilifanywa na mtu ambaye asubuhi alitakiwa ofisini. Ninapofunga daftari saa kumi na mbili na nusu ili nijitayarishe kwenda dukani ninakotunza hesabu za saruji na mabati, fikra za karani yule hunipunguzia uchungu wa kuiacha sentensi njiani.

Robo saa kabla ya kufunga daftari ni ya kusoma kwa sauti, na msikilizaji wangu ni Shangazi. Hajapata kusoma riwaya. Alisoma mpaka darasa la nne, na sasa macho yake hayaoni tena herufi ndogo, ingawa michezo ya kuigiza ya redioni ameisikiliza maisha yake yote na anaweza kusimulia ya miaka thelathini iliyopita bila kuruka tukio. Nilianza kumsomea kwa sababu siku moja aliniuliza ninaandika nini kila alfajiri, nami nikaona ni utovu wa adabu kumjibu mtu aliyenilea kwamba ni mambo yangu. Anaposikiliza hasemi kitu, kwa hiyo mimi huutazama mkono wake. Ukurasa ukiwa hai, kijiti cha kugeuzia vitumbua husimama hewani, na kuna siku vitumbua vyote saba viliungua upande mmoja wakati mhusika wangu akifungua barua. Ukurasa ukiwa umekufa, kijiti huendelea na mwendo wake, naye huanza kupanga sarafu za chenji.

Mwezi uliopita nilimsomea mwanzo wa sura ya nne. Sefu, kijana aliyeondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha, anarudi kwa mama yake baada ya miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Sefu alifika nyumbani jioni. Alikuwa amechoka sana. Aliweka mzigo wake chini. Alibisha hodi lakini hakujibiwa. Alimwona mama yake akiwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Alihisi huzuni kubwa moyoni mwake."

Kijiti hakikusimama hata mara moja. Nilipomaliza, Shangazi alisema tu, "Kama anaandikisha maelezo polisi, mwanangu."

Alikuwa amesema kweli, na maneno hayo nilishinda nayo dukani siku nzima. Maelezo ya polisi hutumia -li- kwa sababu kila tendo lazima lisimame peke yake, liweze kuulizwa peke yake mbele ya hakimu: alifika, aliweka, alibisha. Anayesimulia barazani hana hakimu. Yeye hutumia -li- mara moja ili kupigilia kigingi, kisha hufunga hapo kamba ya -ka-, na matendo yote yanayofuata huning'inia kwenye kamba ile ile mpaka atakapotaka kupigilia kigingi kingine. Hivyo ndivyo nilivyosikia hadithi zote za utotoni, na hivyo ndivyo Shangazi mwenyewe anavyosimulia habari za sokoni. Alfajiri iliyofuata nikajaribu:

"Sefu alifika jioni, akatua mzigo barazani, akabisha hodi, akangoja, akaingia, akamwona mama yake ameketi juu ya mkeka, akasimama, akahuzunika."

Sasa sentensi ilikuwa inakimbia. -Ka- ina mwendo wake, na mwendo huo ukiachiwa humpitisha msomaji mbio mbele ya kile alichopaswa kukiona. Sefu amechukua miaka kumi na mmoja kufika pale mlangoni, nami nilikuwa nimemfikisha, nimemwingiza na nimemhuzunisha kwa pumzi moja. Ukurasa ule sikumsomea Shangazi. Niliujua ubovu wake kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa sababu nilipofika kwenye "akahuzunika" nilikuwa nimekwisha kuishiwa pumzi na neno lenyewe likatoka kama kikohozi.

Kilichonisaidia ni umbo ambalo vitabu vya sarufi vya shuleni hulipitia haraka mno. Katika usimulizi -ka- haina ukanushi wake yenyewe. Tunasema mtu akabisha hodi asiitikiwe, akaingia asisalimiwe, akala asishibe. Hiyo -si- ya katikati hufanya kazi mbili kwa pamoja: husema kwamba jambo halikutokea, na wakati huo huo huacha kivuli cha tumaini kwamba lingeweza kutokea. "Hakuitikiwa" ni taarifa iliyokwisha. Katika "asiitikiwe" kuna mtu bado amesimama mlangoni, ametega sikio. Nililikuta umbo hili kwa kumsikia jirani akieleza jinsi alivyompigia simu kaka yake mara nne, "nikampigia asipokee, nikampigia asipokee", na uchungu wote wa habari ile ulikuwa ndani ya silabi hiyo moja. Siku ya tatu nikaandika:

"Sefu alifika magharibi, akautua mzigo barazani, akabisha hodi asiitikiwe. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake yuko ukumbini anachambua mchele, ungo umejaa mpaka ukingoni, na hakuinua uso. 'Karibu,' alisema, kama anavyomkaribisha kila mtu, na vidole vikaendelea kutenga chuya na mchele."

Nitaeleza nilichokifanya, kwa kuwa ndipo kazi yote ilipo. Kigingi ni "alifika". Kamba ya -ka- inabeba matendo mawili tu, kisha "asiitikiwe" inaikata. "Mlango ulikuwa wazi" ni kusimama kabisa, ili msomaji naye atazame ndani. Baada ya hapo nimeandika "yuko ukumbini anachambua", wakati uliopo, ingawa kila kitu kingine kimepita. "Akichambua" ingekuwa sahihi na ingemweka mama nyuma ya tukio, kama pazia. "Anachambua" inamleta mbele ya macho, kama mtu anayesimulia anavyoinuka kitini na kuonyesha kwa kidole. Mwishoni -ka- inarudi, lakini safari hii haimwendeshi Sefu. Inaendesha vidole vya mama. Huzuni nimeiondoa kabisa. Jioni imekuwa magharibi kwa sababu magharibi ina adhana, ina taa zinazowashwa na ina watu wanaorudi majumbani, na mtu anayerudi saa ile baada ya miaka kumi na mmoja anaonekana na mtaa mzima.

Nilipousoma, kijiti kilisimama. Shangazi akasema, "Huyo mama anamjua ni nani." Sikuwa nimeandika kwamba anamjua.

Kuhusu -ka- nina kinyongo kimoja cha zamani. Miaka mitatu iliyopita hadithi yangu fupi ilikubaliwa na mchapishaji mmoja. Iliporudi kutoka kwa mhariri, karibu kila -ka- ilikuwa imegeuzwa kuwa "na kisha ali-", kwa maelezo kwamba maandishi sanifu yanahitaji kila kitenzi kionyeshe wakati wake waziwazi. Nilibishana kwa barua mbili, nikashindwa, na hadithi ikatoka hivyo. Bado inaniuma nikiiona rafuni. Mhariri yule alikuwa akifanya kazi yake kwa bidii na simlaumu sana. Ninalolilaumu ni wazo lililomtangulia, kwamba Kiswahili cha kuandika ni kile kilichokaa mbali kabisa na mdomo. Usanifishaji uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, umetupa tahajia moja inayosomeka kutoka Mombasa hadi Kigoma, na mwandishi yeyote anapaswa kuushukuru. Hakuna mahali ulipotuagiza tuache kusimulia. Anayeandika "alifika na kisha aliketi na kisha alisema" ameitupa mali ambayo lugha nyingine zingeitamani.

Kuna zawadi nyingine ya Kiswahili ambayo kwa mwandishi wa hadithi ni mtego pia. Kiambishi a- hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Katika maisha ya kila siku hatulihisi jambo hili, lakini kwenye karatasi, ambako hakuna sauti wala sura, msomaji hujaza pengo kwa mazoea yake. Sura ya pili ya riwaya yangu ina fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na sikutaka kuandika kazi ya ufundi kwa kukisia, kwa hiyo niliomba ruhusa nikaketi alasiri mbili kwenye kijiwe cha fundi mmoja. Niliona alivyolizamisha tyubu lililojazwa upepo ndani ya beseni la maji, kipande kwa kipande, akafuata mapovu, na alipolipata tundu akalifunika kwa kidole gumba, asikiondoe kidole hicho hata alipokuwa akipapasa chini ya benchi kutafuta msasa. Akakwangua, akapaka gundi, akapuliza, akangoja. Kungoja huko ndiko nilikokuwa sikujui. Kiraka kikibandikwa gundi ikiwa mbichi hubanduka njiani, kwa hiyo kila pancha ina dakika chache ambamo fundi na mteja hawana la kufanya isipokuwa kuzungumza. Mazungumzo yote ya sura ile nimeyaweka ndani ya dakika hizo, gundi ikikauka, na tangu hapo sijasumbuka tena kutafuta sababu ya wahusika kusimama mahali pamoja.

Katika rasimu, fundi wangu alikaa kurasa mbili bila jina. Alikwangua, alipuliza, alikemea watoto waliochezea pampu. Kisha mteja akaita, "Mwanaidi!" Shangazi aliweka kijiti chini. "Ulinificha," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. Nilijitetea kwamba nilitaka msomaji ajione jinsi alivyodhani mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba fundi ni mwanamume. Akanijibu kwamba majirani wa Mwanaidi wanamwona kila siku, na anayesimulia ni jirani yao, sasa ameishije mtaa mmoja naye asiione kanga yake?

Hoja hiyo sikuweza kuijibu. Msimulizi wa riwaya hii ni sauti ya mtaa, anajua nani anadaiwa na nani na nani hakupikiwa futari, na kumfanya asiyaone mavazi ya mtu anayemtazama kwa kurasa mbili kulikuwa ni kumvunjia uaminifu wake kwa ajili ya mshangao mmoja. Nikaitia kanga katika sentensi ya pili, imefungwa kiunoni, ina doa la gundi lililokauka kama ukoko. Mshangao ukapotea. Badala yake nikapata wateja wageni wanaofika kijiweni na kumwuliza Mwanaidi, tyubu likiwa mkononi mwake, "Fundi yuko wapi?", naye huwajibu "Subirini anakuja", akaendelea kukwangua. Hilo sasa ndilo tukio ninalolipenda kuliko yote katika sura hiyo. Katika hadithi nyingine, yenye msimulizi mgeni mjini, ningeliacha fumbo kama lilivyokuwa, na Shangazi angekasirika, nami nisingelibadilisha.

Kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyanasa lilihusu siku za wiki. Katika sura ya tisa kuna mzee aliyezaliwa Pangani anayesema, "Nilimwona usiku wa Ijumaa." Nilipoandika maneno hayo nilikuwa na maana ya usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, kama tunavyosema sisi wa rika langu. Kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapozama, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake, ambao magazeti huuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Shangazi alikoroga unga kimya kwa muda, kisha akasema, "Alhamisi ikiingia magharibi ni Ijumaa. Umesema usiku huo Sefu alikuwa Pangani. Mzee amemwona wapi hapa?"

Nilikaa asubuhi tatu na penseli, bila kuandika neno jipya, nikipanga siku za riwaya nzima kwenye karatasi moja. Marekebisho ya haraka yalikuwepo: kumfanya mzee aseme "Ijumaa usiku", neno linaloeleweka na wote. Nilipokaribia kulibadilisha nikatambua kwamba nilikuwa nataka kufuta kitu cha thamani. Wapo mashahidi wawili katika sura ile, mzee na kijana mwendesha bodaboda. Sasa wote wawili wanasema "usiku wa Ijumaa", wote wawili wanasema kweli, na wanazungumzia usiku mbili tofauti. Familia nzima inagombana kwa sababu ya maneno matatu ambayo kila mmoja ana hakika anayajua. Sikubuni mgogoro huo. Ulikuwa ndani ya lugha tangu zamani, na mimi nilikuwa naupita kila wiki.

Lahaja katika mazungumzo ina taabu zake, na hapa nitapita kwa kifupi. Baba yake Mwanaidi ni mtu wa Mombasa aliyevuka mpaka pale Horohoro akaoa huku. Yeye husema "ndoo" pale mimi ninaposema "njoo". Msomaji wa Dodoma akikutana na "Ndoo hapa" ataona chombo cha kuchotea maji. Nimelihifadhi neno, nikahakikisha tu kwamba kila linapotokea mkono wa mzee unaita, au mtoto anasogea. Maneno mawili matatu kama hayo yanatosha kumfanya mzee asikike. Nikiyazidisha, anageuka maonyesho.

Na methali. Shuleni tulipewa alama kwa kila methali tuliyoipachika kwenye insha, na mazoea hayo huchukua muda mrefu kuondoka mkononi. Katika riwaya hii msimulizi hatumii methali hata moja. Wahusika wanazitumia, lakini kila mmoja anapotamka methali nataka awe anatafuta kitu: anaomba mkopo, anakwepa swali, anamnyamazisha mke mwenza. Hivyo ndivyo nilivyozisikia zikitumika maishani.

Mwaka jana nilijaribu kuuvunja utaratibu wangu. Siku hizi kuna tuzo zinazopokea miswada isiyochapishwa, ikiwemo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kwa mwandishi asiye na mchapishaji hizo ni baraka kubwa. Nilipoiona tarehe ya mwisho ya mojawapo nikaamua kuandika kurasa nne kwa siku, usiku, chumbani, bila kumsomea mtu. Kwa siku kumi na tano nilipata kurasa sitini. Nilipozisoma kwa sauti nilikuta tena "alifika, aliweka, alibisha" kutoka mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba miaka yote ile sikujifunza kitu. Nilielewa hapo kwamba sikio langu halijifunzi likabaki limejifunza, bali hulishwa kila siku, na likikosa chakula wiki mbili mkono hurudi kwenye maelezo ya polisi. Kurasa zile zimo kabatini. Tarehe ilipita, nami nikarudi kizingitini.

Leo asubuhi nilimsomea Shangazi sura ya nne upya, kwa kuwa nilitaka kusikia kama inashika baada ya mwezi mmoja. Alikuwa amebakiza unga wa mkupuo wa mwisho, na watoto wa shule wawili walikuwa wamekwisha kusimama langoni na sahani zao. Nilipofika kwenye ungo alinyanyua mkono ninyamaze.

"Mama huyo anakaa peke yake?"

"Peke yake, Shangazi. Miaka kumi na mmoja."

"Na ungo umejaa mpaka ukingoni."

"Ndiyo."

"Mchele wote huo anampikia nani?"

Nilikuwa nimeujaza ungo kwa ajili ya sauti tu. "Mpaka ukingoni" ilikaa vizuri mwishoni mwa kishazi, na sentensi ilihitaji uzito mahali pale. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kidogo, akamimina unga kwenye vishimo, akawageukia watoto kuwauliza wanataka vingapi. Nimeliandika swali lake juu ya ukurasa wa kesho, na chini yake majina matatu ya watu wanaoweza kuwa njiani kwenda kula kwa mama yule jioni ile, mmoja wao akiwa mtoto ambaye Sefu hajapata kuambiwa habari zake.